Mafuriko ya Kesho Yanapangwa Kwenye Kikao cha Leo

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi, maafisa mipango wenzangu, wahandisi, na ninyi wawakilishi wa wananchi mliokaa viti vya nyuma ilhali shughuli hii ni yenu kuliko yetu: nashukuru kwa mwaliko. Nimepewa mada yenye maneno mengi, kujenga ustahimilivu wa jamii dhidi ya majanga ya asili kupitia mipango ya maendeleo. Nitaisema kwa kifupi. Idadi ya watu watakaokufa katika mafuriko ya miaka ishirini ijayo inaamuliwa sasa, na watu kama sisi, tukiwa vikaoni tunajadili barabara, viwanja na shule, bila neno "mafuriko" kutajwa hata mara moja.

Naomba nianze na ramani.

Oktoba 1985, wataalamu nchini Kolombia walitoa ramani ya hatari ya volkano ya Nevado del Ruiz. Mlima ule una theluji kileleni. Ramani ilionyesha mabonde ambayo yangepitiwa na tope endapo mlima ungelipuka na kuyeyusha theluji hiyo, na mji wa Armero ulikuwa ndani ya eneo la hatari. Tarehe 13 Novemba, mnamo saa tatu usiku, mlima ulilipuka. Tope lilichukua zaidi ya saa mbili kushuka hadi mjini. Fikirini muda huo: mtu mzima angeweza kumbeba mtoto mgongoni, akarudi kumchukua mama yake, na bado akafika mwinuko wa karibu. Lakini wananchi walikuwa wameambiwa watulie majumbani. Usiku ule, katika mji wenye wakazi wasiofika 30,000, walikufa watu wapatao 20,000.

Ramani haikukosea. Hata bila ramani, mji wenyewe ulikuwa umekaa juu ya ushahidi, kwa sababu tope la aina ileile lilikwisha kupita bonde lile mwaka 1595 na tena mwaka 1845, na Armero ikajengwa juu ya masalia yake. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuichukua ramani ile na kuigeuza kuwa njia ya kukimbilia, king'ora, zoezi la wanafunzi, fungu la fedha. Viongozi waliogopa gharama na lawama za kuhamisha mji mzima kwa tishio ambalo pengine lisingetokea. Mimi siwalaani. Nimekaa kwenye viti kama vile na ninajua hofu hiyo inavyokaa mtu kifuani. Ndiyo sababu nasema uamuzi wa namna hiyo usisubiri siku ya mlipuko, siku ambayo kila mtu ana hofu. Ufanywe mapema, uandikwe, upewe bajeti, ili siku ikifika kiongozi asibaki na kazi nyingine ila kutekeleza.

Tutenganishe maneno mawili ambayo kila siku tunayachanganya. Kuna tishio, na kuna maafa. Mvua kubwa ni tishio. Upepo, mtikisiko wa ardhi, moto wa volkano, hayo yote ni matishio, na hatuna mamlaka juu yake. Maafa ni kile kinachotokea tishio linapomkuta mtu amelala mahali fulani, chini ya paa la namna fulani, bila habari, bila akiba, bila pa kukimbilia. Kila kitu katika orodha hiyo ya pili kimepitia mezani kwa mtu. Kuna aliyegawa kiwanja. Kuna aliyetia saini kibali cha ujenzi. Kuna aliyepunguza vyuma kwenye zege na kuna mkaguzi aliyeangalia pembeni. Kwa hiyo tunaposema "majanga ya asili" tukaishia hapo, tunakuwa tumejisamehe haraka mno.

Mimi mwenyewe, nikiwa afisa kijana, nilipitisha eneo la kujenga zahanati kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bure. Halmashauri haikuwa na fedha za fidia, na pale palikuwa wazi, tambarare, karibu na barabara. Sikuuliza kwa nini pako wazi wakati kila kipande kingine kimejengwa. Palikuwa wazi kwa sababu wenyeji walijua maji hupita pale. Zahanati ilijaa maji msimu wa pili, dawa zikaharibika, na wiki zile ambazo watu waliugua zaidi kwa sababu ya mafuriko ndizo wiki ambazo zahanati yao ilifungwa. Nakumbuka saini yangu kwenye ule mchoro. Tangu hapo nikiletewa kiwanja cha bure, swali langu la kwanza ni kwa jirani wa kiwanja, kisha ndipo namgeukia mpima.

Mwaka 2010 dunia ilipata somo la kutisha ndani ya wiki saba. Tarehe 12 Januari, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, lakini hata yale ya chini yanataja makumi ya maelfu, na serikali ilitaja zaidi ya laki mbili. Tarehe 27 Februari, Chile ikapigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, ambalo kwa nishati ni kubwa mara mia kadhaa. Walikufa watu wapatao 525, na sehemu yao waliuawa na mawimbi ya bahari. Lazima niseme kwa haki kwamba la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu na kina chake kilikuwa kifupi, wakati la Chile lilianzia baharini. Hata hivyo tofauti hiyo peke yake haitoshi kueleza makaburi yote yale. Chile ilikuwa imekaza kanuni za ujenzi kila baada ya tetemeko kubwa kwa miongo mingi, na sheria yake inamfanya mwenye mradi wa jengo awajibike kwa kasoro za muundo kwa miaka kumi. Miaka kumi! Anayejua kwamba atatafutwa baada ya miaka tisa hapunguzi vyuma.

Sasa nataka niwapeleke Bangladesh, na huko nitakaa kidogo, maana sijaona mfano mwingine unaonipa matumaini kama huo.

Novemba 1970 kimbunga kilipiga delta ya huko, yaani nyanda za chini mito inapoingia baharini, na kuua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki tatu na laki tano. Aprili 1991 kikaja kingine, wakafa watu wapatao 138,000. Novemba 2007 kilikuja kimbunga Sidr, nacho kilikuwa kikali sana, lakini waliokufa hawakufika 5,000. Mei 2020 kikaja Amphan. Zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa kabla hakijafika, na vifo nchini humo vikahesabika kwa makumi. Bangladesh haikuwa imetajirika kiasi cha kujenga ukuta kuzunguka pwani yake. Idadi ya watu iliongezeka katika miaka hiyo yote, na bahari haikupungua ukali. Nini kilibadilika?

Wengi wetu tutajibu kwamba ni setilaiti na utabiri wa hali ya hewa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tahadhari inayoishia kwenye ofisi ya utabiri haimwokoi mtu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wamejenga mtandao wa watu wa kujitolea, leo zaidi ya 70,000, ambao tahadhari ikitoka huchukua vipaza sauti na bendera na kwenda mlango kwa mlango. Nusu yao ni wanawake, na hilo lina sababu. Mwaka 1991 wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Wengine walibaki nyumbani wakisubiri ruhusa, wengine waliona aibu kulala kwenye chumba kimoja na wanaume wasiowajua, wengine walikuwa wameshika watoto. Ujumbe uliotangazwa sokoni na mwanamume haukumfikia mama aliye jikoni. Alipokuja mwanamke mwenzake mlangoni, mambo yalibadilika. Na makimbilio mapya yakatengewa vyumba vya wanawake.

Halafu kuna makimbilio yenyewe, na hapa ndipo kazi yetu sisi wapangaji inapoonekana wazi. Hayo majengo ya zege yaliyoinuliwa juu ya nguzo, mengi yao ni shule za msingi. Siku za kawaida watoto wanasoma ghorofani. Siku ya kimbunga kijiji kizima kinapanda. Serikali ilikuwa ijenge shule vyovyote vile, na ilikuwa ijenge barabara ya kufika shuleni vyovyote vile. Mtu mmoja mwenye akili aliuliza: kwa nini tujenge shule mara moja na kimbilio mara nyingine, katika viwanja viwili, kwa bajeti mbili?

Na faida inazidi kuokoa fedha. Jengo la dharura linalokaa limefungwa miaka saba linaoza. Ufunguo unapotea, paa linavuja bila mtu kujua, popo wanahamia, na siku ya kimbunga nusu ya kijiji haijui njia ya kufika. Shule haiozi hivyo. Mlango wake unafunguliwa kila asubuhi. Paa likivuja mwalimu analalamika siku hiyohiyo. Kila mtoto anaijua njia hata gizani, na mtoto ndiye atakayewaongoza wazee. Matumizi ya kila siku ndiyo matengenezo yaliyo bora. Wakajifunza pia kwamba watu walikataa kuhama kwa sababu ya ng'ombe wao. Mtu maskini akimwacha ng'ombe anaacha akiba yake yote, basi anaona heri abaki naye. Badala ya kumwita mkaidi, wakajenga sakafu ya mifugo kwenye baadhi ya makimbilio, na vilima vya udongo vya kupandishia wanyama.

Huo ndio ustahimilivu kama ninavyouelewa. Si kitabu cha mkakati kilichojalidiwa. Ni shule yenye nguzo ndefu, yenye barabara iliyoinuliwa, na sehemu ya ng'ombe.

Nije kwenye jambo gumu zaidi, yaani watu wanaoishi mabondeni na kwenye miteremko. Tarehe 14 Agosti 2017 mlima uliporomoka juu ya makazi huko Freetown, Sierra Leone, na watu zaidi ya elfu moja walikufa au hawakuonekana tena. Miti ya mteremko ule ilikuwa imekatwa, nyumba zikapanda mlimani. Kila panapotokea jambo kama hilo, huja mtu akasema, "Tuliwaambia wahame." Ndugu zangu, mtu hakai bondeni kwa kutojua. Mara nyingi analijua bonde kuliko sisi, anajua maji yalifika tofali la ngapi mwaka fulani. Anakaa pale kwa sababu kazi iko karibu, kodi anaiweza, na nauli ya kutoka huko tunakotaka aende ingemla mshahara wote. Amepima hatari ya siku moja kwa mwaka dhidi ya njaa ya kila siku, na akachagua.

Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2000 nchini Msumbiji, yaliyoua watu wapatao 700, familia nyingi zilihamishiwa maeneo ya juu. Wengi wakaendelea kurudi bondeni, kwa sababu udongo wenye rutuba uko bondeni na huko juu hakuna mavuno. Hao si wakaidi. Mpango uliwapa kiwanja cha kulala ukasahau kwamba binadamu anahitaji pia mahali pa kulima. Basi anayetaka kuhamisha watu aandae kwanza ajira, usafiri, maji, shule na hati miliki. Kama hivyo haviwezekani, afadhali aweke fedha zake palepale walipo, kwenye mitaro, njia pana za kutokea, sakafu zilizoinuliwa, na tahadhari inayofika kwa wakati. Nasema hivi nikijua wapo wenzangu wasiokubaliana nami, wanaoona kwamba kuboresha makazi ya bondeni ni kuwaalika wengine waje. Hoja yao ina uzito. Lakini nimeona bomoabomoa bila mbadala mara nyingi, na kila mara watu walihamia bonde la pili.

Ipo njia ya tatu, ambayo ni kuwapa watu wenyewe kalamu. Uholanzi, nchi ambayo mafuriko ya mwaka 1953 yaliua watu 1,836, ilikuja kuamua kwamba haitaendelea kuinua kingo za mito daima, bali itaupa mto nafasi ya kutanuka. Katika eneo moja liitwalo Overdiepse Polder, hilo lilimaanisha mashamba ya watu yaachiwe maji wakati wa mafuriko. Wakulima wangeweza kwenda mahakamani miaka na miaka. Badala yake wao wenyewe walileta pendekezo: tujengewe vilima vya udongo, nyumba na mazizi yetu yahamie juu yake, na sehemu nyingine mto uichukue unapoihitaji. Ikawa hivyo. Mpango ule haukutoka kwa mhandisi. Mhandisi alifanya hesabu za kimo cha kilima.

Kuhusu lugha sitasema mengi, ingawa ni jambo linaloniuma. Novemba 2013 kimbunga Haiyan kilielekea Ufilipino, na watabiri walionya vizuri, mapema. Lakini walitumia istilahi ya kitaalamu ya Kiingereza kueleza kuinuka kwa bahari kunakosukumwa na upepo. Wakazi wengi hawakuielewa. Baadaye manusura walisema kwamba wangeambiwa inakuja tsunami wangekimbia. Walikufa zaidi ya watu 6,000. Kinyume chake ni kisiwa cha Simeulue nchini Indonesia. Mwaka 1907 mawimbi yaliua watu wengi pale, na wazee wakaliweka tukio lile ndani ya neno moja la kwao, *smong*, wakalipitisha kwa hadithi na nyimbo za watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004, kisiwa hicho kilikuwa karibu sana na kitovu cha tetemeko. Katika wakazi wapatao 78,000 walikufa saba. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na neno ambalo hata mtoto alilielewa. Tunapoandika tahadhari, tumpe kwanza mtu asiyesoma ofisini kwetu, atwambie amesikia nini.

Na sasa fedha. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Swali langu ni nani kati yetu amepewa fungu la kuziba ufa. Tuna fungu la kujenga, na baada ya maafa tunapata fungu la misaada. Katikati, penye kuzibua mitaro kabla ya msimu wa mvua, kubadilisha kalvati lililopasuka, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, kupalilia tuta la mto, pana kifungu kidogo kinachokatwa kwanza bajeti inapobana. Mtaro uliojaa taka ni mbaya kuliko kutokuwa na mtaro, kwa sababu watu walijenga karibu nao wakiuamini. Waholanzi wana mamlaka za maji ambazo mizizi yake ni ya karne ya 13, zinachaguliwa na wananchi na zinatoza kodi yake zenyewe, na fedha ile haiendi kwingine. Ufilipino ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka serikali za mitaa zitenge angalau asilimia 5 ya mapato yao kwa ajili ya maafa, na katika hiyo ni asilimia 30 tu inayowekwa kando kwa dharura. Nyingine ni ya kazi za kabla, kama kinga na maandalizi. Mgawanyo huo peke yake ni somo.

Makubaliano ya kimataifa yapo. Mpango wa Sendai, wa kupunguza hatari za maafa, ulipitishwa huko Japani Machi 2015 na unafikia ukomo mwaka 2030, na unasema mengi ya haya ninayosema, pamoja na kwamba tunapojenga upya tujenge kwa ubora zaidi. Nchi zetu ziliukubali. Sioni haja ya kuusoma hapa.

Ninachoomba ni kidogo, na kinaweza kuanza kwenye kikao kijacho. Kwenye fomu ya kupendekeza mradi, ile inayoambatana na upembuzi yakinifu, tuongeze nafasi tatu za kujazwa. Ya kwanza: tishio gani linajulikana mahali hapa, na ni mwenyeji gani aliyetuambia. Ya pili: mradi huu unamsukumia nani maji yake. Hii nimeiweka kwa uchungu, kwa maana barabara iliyoinuliwa bila makalvati ya kutosha ni bwawa, na mara nyingi tumekausha mtaa mmoja kwa kuuzamisha mwingine, halafu tukakata utepe. Ya tatu: nani atautunza, na fedha ya kuutunza iko kifungu kipi cha bajeti, mwaka kwa mwaka.

Mhandisi atajaza ya kwanza na ya pili, akisaidiwa na wananchi. Hiyo ya tatu ndiyo itakayoleta ubishi, kwa sababu hakuna mfadhili anayependa kulipia uzibuaji wa mitaro, na hakuna jiwe la msingi linalowekwa kwenye matengenezo. Naomba, Ndugu Mwenyekiti, nafasi hiyo ikiletwa mbele yenu ikiwa tupu, kikao kiurudishe mradi, hata kama kila kitu kingine kiko sawa na mkandarasi tayari yuko nje anasubiri.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.